Jibu la Kumi na Mbili

Siku lifti ya hospitali kuu ilipogoma, watu walijaa ukumbi wa chini mpaka pa kuweka mguu pakawa tabu. Wajawazito waliegemea ukuta. Wenye magongo walikaa kwenye ngazi ya kwanza wakiitazama ya pili kwa chuki. Mlinzi mwenye sauti ya kukwaruza alirudia kila baada ya dakika mbili kwamba fundi yumo kazini, kana kwamba kurudia kungemharakisha. Katikati ya msongamano huo alikuwa akijipenyeza dada mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, kitambaa cha njano kichwani, bango limekunjwa kwapani na rundo la fomu mkononi.

Kazini kwake walimwita Dada Bango, naye alishaacha kuukasirikia utani huo. Wataalamu wa tabia na afya walikuwa wakichunguza kwa miaka kwa nini watu wanavuta sigara, wanaacha dawa, wanakesha na mawazo, kisha wanaandika kurasa mia mbili zisizosomwa na mtu. Yeye alizichukua kurasa hizo na kuzigeuza maneno matano ambayo mtu anaweza kuyasoma huku anatembea. Na kabla ya bango lolote kuchapwa, sheria ya kitengo chao cha kampeni za afya ilitaka lionyeshwe kwa watu kumi na wawili, kila mmoja aulizwe maswali matatu: umeelewa nini, umejisikiaje, utafanya nini. Akipatikana hata mmoja wa kusema bango lingemkimbiza, kazi inarudi mezani upya.

Alikuwa amekwisha kuhoji kumi na mmoja. Mchapaji alilisubiri bango kesho yake asubuhi.

Ndipo miguu miwili ikachomoza kwenye mlango wa lifti, ikafuatwa na ovaroli ya buluu, kisha uso mrefu wenye alama ya grisi shavuni na macho ya mtu anayecheka kabla hajachekeshwa.

"Dada, sogea kidogo, nisije nikalichafua hilo gauni."

"Fundi, una dakika tano?"

"Watu wote hawa wananisubiri mimi, na wewe unataka dakika tano?"

"Nne basi."

"Nne zipo. Nasubiri mwenzangu awashe umeme huko juu."

Alilikunjua bango. Mwanamume amelala kitandani, mdomo umepinda, mkewe kashika kijiko mbele yake. Juu, kwa herufi nyekundu: ULIACHA DAWA. SASA UNALISHWA.

"Umeelewa nini?"

"Kwamba mwenye presha akiacha vidonge atapata kiharusi."

"Umejisikiaje?"

"Vibaya."

Dada Bango aliandika, akatabasamu. "Vizuri."

"Vibaya ndiyo vizuri?"

"Kwa kazi hii, ndiyo. Na ungefanya nini?"

Fundi alijifuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa kichafu zaidi ya vidole vyenyewe. "Mimi sina presha. Mama yangu anayo. Aliacha vidonge, huu mwezi wa tatu, anasema alijiona mzima. Nambembeleza arudi kliniki. Mama akilikuta hili mlangoni, haingii."

"Lakini si ataogopa?"

"Ataogopa, na ataona haya. Hili limekwisha kumhukumu, dada. Mtu wa namna hiyo anageuka kurudi nyumbani. Liandike hivyo hivyo."

Aliandika hivyo hivyo. Umeme uliwaka, lifti ikaguna na kupanda, ukumbi mzima ukampigia fundi makofi. Naye, badala ya kuwapungia watu mkono, alimgeukia mwenye gauni la kijani. "Nimekupa dakika zangu nne. Unipe zako kumi kantini, nikunyweshe chai."

Zilikuwa kumi, zikawa sitini. Fundi alikuwa mcheshi, msikivu, na alikuwa na namna ya kuuliza swali kisha akasubiri jibu mpaka lifike, jambo ambalo Dada Bango hakulizoea kwa wanaume. Alirudi nyumbani moyo mwepesi.

Asubuhi aliingia kwa bosi wake, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, wakaziweka fomu mezani. Kumi na moja safi. Ya kumi na mbili ikasimama peke yake.

"Huyu anatuharibia," bosi alisema. "Tukirudi mezani, wiki mbili zimekwenda. Uzinduzi ni tarehe ishirini."

Sasa, kulikuwa na sheria nyingine pale kitengoni: anayehojiwa asiwe ndugu, jamaa wala rafiki wa anayehoji. Dada Bango aliikumbuka ghafla, na akaifurahia.

"Huyu tumtoe, bosi. Ni mtu ninayefahamiana naye."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Bosi alicheka mpaka miwani ikaruka kifuani. Mfagizi wa ofisi akaitwa, akaonyeshwa bango, akasema linatisha sawasawa. Fomu ya fundi ikaingia kwenye droo, ya mfagizi ikachukua nafasi yake, na mchapaji akapigiwa simu. Hakuna aliyemshikia Dada Bango kisu shingoni. Alitumia sheria moja kuiua nyingine, kisha akaenda kunywa maji.

Penzi lao lilikuwa la simu. Yeye alishinda kwenye vikao, mwenzake alishinda ndani ya mashimo ya lifti mji mzima.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ghorofa ya tisa. Nimening'inia kwa kamba."

"Shuka kwanza ndipo unibembeleze."

"Nikishuka simu haishiki. Niambie umevaa nini."

"Nimevaa kitambulisho cha kazi, na niko kwenye kikao. Kata simu."

"Kata wewe."

"Nikikata utanuna."

"Nitanuna mpaka saa kumi na moja, halafu nitakuja kukuchukua."

Na saa kumi na moja alikuwa getini kweli, kaoga, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingemkata mtu. Mlinzi wa ofisi alimzoea, akawa anamwita mkwe. Jumapili walitembea kandokando ya barabara kuu wakitazama madirisha ya maduka ya samani, wakibishana juu ya vitanda ambavyo hawakuwa na nia ya kuvinunua, au ndivyo walivyojifanya.

Mabango yalibandikwa mji mzima. Fundi hakuyaona, kwa kuwa yalibandikwa kwenye vituo vya afya, na yeye alikuwa mzima wa afya. Mpaka mchana mmoja, mwezi na nusu tangu siku ile ya kantini, alipopiga simu na kuuliza katikati ya utani mwingine kabisa:

"Hivi lile bango lenu la mtu wa kijiko liliishia wapi?"

"Tulishalibadilisha."

Lilimtoka lenyewe. Hakusita hata kidogo.

"Safi. Nilijua utanisikiliza. Basi nitamwambia mama aende kituoni kwao. Nitamwambia mkwe wake mtarajiwa ndiye mwandishi wa mabango ya mle ndani, hakuna wa kumsuta."

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Sekunde tatu nzima, na simu yenyewe ilikuwa inasikika vizuri. Dada Bango aliitazama kalamu yake.

"Umpeleke mwenyewe," alisema. "Usimwache aende peke yake."

"Ana miguu yake, ataenda. Na anapenda kujitegemea, utamjua tu."

Siku kumi na mbili baadaye, saa nne asubuhi, Fundi alipiga tena. Safari hii hakuanza na mpenzi.

"Mama kaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na ulimi haugeuki, hasemi neno."

Dada Bango alikaa. Kisha alishusha pumzi, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

"Alikwenda kituoni, Bango. Jirani alimwona akitoka na kadi mkononi, kavaa gauni lake la kutokea. Nami leo natazama kadi, haina muhuri wa siku ile. Milango ilikuwa wazi, manesi walikuwepo. Sijui nini kilimrudisha."

"Pole sana, mpenzi. Pole."

"Utakuja leo?"

"Leo kuna kikao."

Hakukuwa na kikao. Saa ya chakula alipanda gari akaenda mpaka kituo cha afya cha mtaa wa mama yule. Kilikuwa jengo dogo lenye mlango mmoja wa kusukuma. Bango lake lilikuwa limebandikwa juu ya ubao wa mlango, usawa wa kifua, hivi kwamba kila aliyetaka kuingia ilimbidi aweke kiganja juu ya mdomo uliopinda. Alisimama mbele yake kitambo. Nesi mmoja alitoka kunyoosha mgongo, akakisoma kitambulisho chake, akafurahi.

"Ninyi ndio mmetuletea hili? Limetusaidia sana, dada. Siku hizi hata foleni imepungua."

Alitaka kucheka, akashindwa, akaaga. Njiani alikuwa akihesabu: vituo arobaini, milango arobaini, na foleni imepungua.

Siku tisa hakwenda. Simu zilipoita alizitazama mpaka zinyamaze. Alipojikaza kupokea, alisema ana mafua na hataki kumwambukiza mgonjwa. Kwa hiyo sasa aliyasingizia hata mafua. Chakula kilimshinda, gauni la kijani likaanza kumpwaya. Kila alipojiandaa kusema, aliwaza lile shati jeupe getini na kumbukumbu hiyo ikamziba mdomo. Alikuwa anampenda mtu yule, na alijua sentensi moja tu ingemtoa maishani mwake, na sentensi yenyewe ni ya kweli.

Siku ya tisa ujumbe uliingia:

"Kama ni kwa sababu ya mama, sema tu. Kumwogesha mtu mzima si kazi ya kila mmoja. Sitakulaumu. Ila usiniambie una mafua."

Aliusoma akiwa amesimama jikoni, akakaa sakafuni. Kwamba alidhaniwa ana roho ya namna hiyo kulimuuma. Kwamba ukweli ulikuwa mbaya kuliko dhana kulimuuma zaidi.

Jumamosi saa nne asubuhi alibisha hodi.

Fundi alifungua, mikono ya shati imekunjwa, ndevu hazijaguswa wiki nzima, kijiko mkononi. Alimtazama toka juu mpaka chini.

"Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naomba niingie."

Nyumba ilikuwa vyumba viwili vya chini, safi, vinanukia sabuni. Kitanda kilikuwa kimesogezwa dirishani, na juu yake mama mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mistari minne. Jicho moja lilikuwa limelegea. Lingine lilikuwa kali kupita kiasi.

"Nani?" Neno lilitoka nusu, lakini lilitoka.

"Yule wa mabango, mama. Ulimi umeanza kurudi tangu juzi," Fundi aliongeza, sasa akimwambia mgeni bila kumtazama.

"Shikamoo, mama."

"Mara... haba."

Dada Bango alikuwa amejiandalia maneno usiku mzima. Maneno ndiyo riziki yake. Yote yalimkimbia.

"Fundi, fomu yako niliiondoa," alisema. "Lile bango hatukulibadilisha. Lilichapwa vile vile. Liko mlangoni pale kituoni, nimeliona kwa macho yangu. Nilikudanganya."

Kijiko kilibaki hewani. Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira.

"Yule... na kijiko?" aliuliza mama.

"Huyo huyo, mama."

"Nilimwona." Alipumzika, akakusanya mdomo. "Nikasema, hawa wamenijua. Nikageuka."

Fundi aliweka bakuli chini taratibu mno, kama mtu asiyekiamini kiganja chake. "Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Hakutaka. Nikamwambia nenda, mama, hakuna wa kukusuta. Nilimwambia kwa neno lako wewe."

"Najua."

"Siku tisa nilidhani unamkimbia mama yangu. Nikakutetea. Nikajiambia huyu ni binti wa watu, hajazoea wagonjwa, tumpe muda. Ungekuwa umekimbia hilo, ningekusamehe bila hata kuombwa."

"Fundi..."

"Nenda, Bango. Supu inapoa."

Alikwenda. Hakulia barabarani kwa sababu aliona hana haki ya kuhurumiwa na wapita njia.

Jumatatu aliitoa ile fomu kwenye droo, akaiweka mbele ya bosi. Alieleza yote, pamoja na chai ya kantini, na mama aliyelala dirishani.

Bosi alivua miwani. "Unajua unachojiandikia?"

"Najua. Na kuna jambo jingine, bosi, limenijia nikiwa natembea. Wale kumi na mmoja niliwahoji kwenye ukumbi wa hospitali. Waliokuwa ukumbini ni waliokuja. Aliyeacha dawa hakuwepo pale, yuko kwake amejificha. Tulimwandikia yeye, tukawasomea wengine. Katika kumi na wawili, mmoja tu ndiye aliyemsemea, na huyo ndiye nikamfuta."

Bosi aliivuta fomu karibu yake, akaisoma upya. Naye alicheka siku ile, na alikumbuka kwamba alicheka. Mabango yaliamriwa yatolewe. Dada Bango alipewa barua ya onyo na kuondolewa uongozi wa kampeni, akaisaini barua hapo hapo, akaomba kitu kimoja tu: ayabandue yeye.

Ilimchukua wiki tatu. Alikwenda na ndoo, kitambaa na kisu butu cha kukwangulia, kituo baada ya kituo. Gundi ilikuwa nzuri, kwa bahati mbaya; kucha zake zilikwisha. Milango mingine picha ilitoka yote, mingine kijiko kikabaki, akakirudia mpaka ubao ukaonekana. Kila mlango alijiuliza ni wangapi walifika hapa wakageuka, na hakuna mahali pa kwenda kuuliza, kwa kuwa aliyegeuka haandikwi kwenye daftari lolote.

Jioni alizunguka mitaani na wahudumu wa afya, akawatafuta walioacha dawa majumbani mwao. Mara hii hakuwaonyesha kitu. Aliketi, akauliza, akasubiri jibu lifike. Dereva mmoja mstaafu alimwambia aliacha kwa sababu vidonge vilimkumbusha kila asubuhi kwamba ni mzee. Mama muuza nguo alisema alikosa siku mbili tu, akaogopa kugombezwa, zikawa siku mia mbili. Wengi walisema neno moja: nilichoka.

Wiki ya sita simu iliita, akaona jina, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama anakuuliza," Fundi alisema.

"Anaendeleaje?"

"Jana kanitukana sentensi nzima. Daktari kafurahi."

"Na wewe?"

"Mimi sijakuuliza. Nimesema mama. Jumapili saa kumi, anasema uje na karatasi zako."

Alimkuta mama kitini, si kitandani, kajifunga kitambaa cha rangi ya chungwa, mkono wa kulia umelala mapajani. Kopo la majani ya chai lilikuwa juu ya meza, na juu ya kopo kimefungwa kwa mpira kikasha cha vidonge, ili anayetaka chai akutane na dawa kwanza. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa amenyoa. Dada Bango aliliona hilo, akajikataza kulifikiria.

"Mkwe, kaa," mama alisema. Fundi akakohoa. "Wewe kohoa tu. Nimesikia umebandua mabango milango yote."

"Ndiyo, mama. Mama, nimekuja kukuomba..."

"Najua unachoomba. Nimekukasirikia, na bado. Mkono huu ukiangusha kikombe nakutaja kwa jina, muulize huyu. Lakini vidonge niliviacha mwenyewe, kabla hamjaonana. Hiyo ni yangu, usiichukue. Hebu soma ulichoandika."

Dada Bango alikunjua karatasi, akasoma. "Uliacha dawa? Rudi. Hatutauliza kwa nini."

"Mwongo. Watauliza. Yule nesi wa dirishani anauliza hata ulichoota."

"Basi tusemeje?"

"Sema si peke yangu. Mtu anayejificha anadhani ni yeye tu."

Aliandika, akafuta, akasoma tena. "Uliacha dawa? Wengi waliacha. Wengi wamerudi."

"Ni kweli wamerudi wengi?"

Kalamu ilisimama. "Bado ni wachache, mama."

"Basi andika wachache. Au hujajifunza?"

Kutoka mlangoni mwa jiko ilisikika pumzi, nusu ya kicheko. Waliandika: Uliacha dawa? Wengi waliacha. Wameanza kurudi. Mama alisikiliza mara mbili, akatikisa kichwa kukubali, akadai chai yake, akameza kidonge chake mbele yao kwa mbwembwe, kisha akawafukuza nje apumzike.

Walikaa kwenye ngazi ya mbele, katikati yao nafasi ya mtu mmoja. Jua lilikuwa bado juu ya paa za mkabala. Fundi alikuwa amevaa lile shati jeupe, halikupigwa pasi.

"Nimejaribu kukusahau," alisema. "Nikiwa ghorofani naitoa simu mfukoni, namkumbuka mama, nairudisha. Sina raha huku wala huku. Niambie jambo moja, nami nitalimaliza. Niambie hutanidanganya tena kamwe."

Kulisema kungekuwa rahisi. Fundi alikuwa akilitaka lile jibu, ilionekana usoni mwake, na Dada Bango alikuwa fundi wa kuwapa watu maneno wanayoyataka.

"Siwezi," alisema.

Fundi aligeuka.

"Watu wanaoahidi 'kamwe', hawamalizi mwezi. Hilo limepimwa, na mimi mwenyewe ni ushahidi. Mama yako hakuahidi kwamba hatasahau vidonge, kavifunga kwenye chai ya saa kumi. Nami naweza ahadi ya namna hiyo. Kila Jumapili, mama akishameza dawa, tukae hapa nikuambie jambo moja la wiki ile ambalo nisingependa ulijue. Liwe dogo, liwe kubwa. Hata likiwa la kunifukuzisha."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke, au uchoke."

Fundi alitazama barabara. "Hiyo ni ndoa, Bango."

"Najua ni nini."

"Basi anza. Leo ni Jumapili."

Hakuwa amejiandaa kwa leo. Aliibana mikono kati ya magoti. Lililokuwepo lilikuwa moja, na lilikuwa limekaa pale kifuani tangu asubuhi ile ya simu.

"Uliponiambia ulimi wa mama haugeuki," alisema, "nilishusha pumzi. Nilijiambia, basi hatakuambia alichokiona. Nilishukuru, Fundi. Mama yako ameanguka, na mimi nikashukuru."

Aliinamisha kichwa akingoja asikie miguu ikiinuka na mlango ukifungwa. Fundi alikuwa amekaa vile vile. Alipokuja kusema, sauti yake ilikuwa ya chini na haikuwa na ukali wa siku ile ya supu.

"Ile kadi," alisema. "Sikuiona siku aliyoanguka. Niliiona siku tatu kabla, juu ya meza, haina muhuri. Nilijua hakuingia. Ningekaa naye jioni ile nimuulize, tungegombana, angenieleza. Lakini ilikuwa saa kumi na nusu, na nilikuwa napiga shati pasi nije kukuchukua. Nikasema nitamuuliza kesho."

Dada Bango alimtazama. Machozi yalikuwa yakimteremka Fundi mpaka kwenye ndevu zilizonyolewa vibaya upande mmoja, na hakuyafuta. Dada Bango alisogea, akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja, akamshika mkono wenye sugu za kamba.

"Hujamwambia?"

"Sijamwambia mtu."

Walikaa hivyo bila kusameheana chochote, kwa kuwa aliyepaswa kusamehe hakuwa yeyote kati yao. Dirisha lilikuwa wazi nyuma ya vichwa vyao.

"Mnanong'ona nini huko?" mama aliuliza kutoka ndani, neno kwa neno, kila moja limekamilika.

Fundi alifuta uso kwa mkono wa shati. "Tunapanga harusi, mama," alisema. "Na kuna jambo nataka kukuambia kwanza."

"Basi ingieni mseme kwa sauti," mama alisema. "Mimi nipo."